Jua la Kilosa Halisikii Amri ya Nyapara

Ndugu waajiri wa Kilosa na Mikumi, Oktoba ikiingia na vuli ikichelewa, malalamiko huwa yale yale kutoka Kimamba hadi Kidodi: watu wamekuwa wavivu. Kibarua anasimama kila mara, mkata miwa anakimbilia kivuli, mhudumu wa hoteli anasinzia mapokezi. Dawa nayo ni ile ile: makelele na kukatwa posho. Dawa hiyo haijapata kumponya mtu, na hasara yake humrudia mwenye kuitoa.

Mkonge ulikwisha kutufundisha. Katika mashamba yake mkataji hakulipwa kwa kusimama juani mpaka jioni. Alipewa ngwe yake, akaingia shambani alfajiri, akakata majani na kuyafunga mabunda, na alipomaliza alikwenda zake kabla jua halijawa kali. Mfumo wa kikoloni wa manamba na kipande ulijaa dhuluma, wala siuombei urudi. Lakini hata mabwana wa mashamba yale walijua kwamba adhuhuri si saa ya kumdai mtu nguvu. Inakuwaje basi leo msimamizi mwenye cheti ukutani amchimbishe kibarua mtaro saa saba mchana, ilhali asubuhi yote alimkalisha kumngoja mwenye funguo za stoo?

Kwa mkata miwa mambo ni mazito zaidi. Msimu wa kusaga sukari huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi baada ya Mwaka Mpya, hivyo joto lote humkuta shambani. Muwa uliochomwa moto anaukata akiwa na buti na nguo nene, huku akivuta majivu, na jasho laweza kumtoka hata lita moja kwa saa. Huyu hahitaji hotuba ya tija. Anahitaji maji karibu na ngwe yake, si kwenye tangi lililo mwisho wa barabara, na kivuli cha kulia chakula chake. Mwili uliokauka hukosea panga, na mguu mmoja uliokatwa huweza kugharimu kuliko madumu ya maji ya msimu mzima. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mapumziko ya saa nzima akishafanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hiyo ni haki yake. Msimpe kama sadaka.

Mikumi, ambako barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya hifadhi, shida ina sura nyingine. Masika wageni wakipungua, baadhi ya wahudumu huambiwa wakae nyumbani watapigiwa simu. Desemba wageni wa sikukuu wakijaa, mtu yule yule hutakiwa acheke usiku na mchana na asahau kwao. Pangeni zamu tangu Septemba, karatasi ibandikwe jikoni, aliyekosa Krismasi aijue siku yake ya kwenda kuwaona wazee.

Najua wapo watakaonijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imekuwa kimbilio la mabahili! Msifuni mtu, kisha mlipeni. Sifa tupu ndizo zinazoharibu tembo. Na anayedhani ukali ni uongozi akumbuke kwamba Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau, na wafanyakazi wa viwandani wakaushika kwa mikono miwili.

Limebaki moja, nalo mara nyingi huitwa utoro. Mvua ya kwanza ikinyesha, nusu ya vibarua hawaonekani, kwa sababu nao wana mashamba ya mahindi, na mbegu haimngoji meneja. Mshahara wa Novemba utoke Novemba, mtu anunue mbegu, apewe siku mbili za kupanda kwa makundi, akirudi aikute ngwe yake ikimngoja.