LESENI YA BARUTI NA MWENYE KUITOA

Sisi wenye maduka twapewa leseni, na mizani zetu zakaguliwa; akutwaye na jiwe lililopungua hutozwa faini. Hatulalamiki. Lakini katika kazi ya fataki, ambayo kosa lake halipunguzi kibaba cha mchele bali laondoa roho za watu, tumeona nchi ambazo mwenye kutia muhuri huandika karatasi, kisha akenda zake kulala.

Tutazame yaliyotokea Paravur, wilaya ya Kollam, katika pwani ile ya Malabar ambayo mabaharia wetu wa zamani wakiijua vyema. Katika sikukuu ya hekalu la Puttingal walikuwa wakiajiriwa mafundi wa fataki, nao wakishindana nani atapasua mbingu zaidi. Mwaka 2016 wakuu wa wilaya walikataa kutoa ruhusa ya mashindano hayo. Juu ya hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili fataki zilirushwa, na polisi walikuwapo. Yapata saa tisa na nusu moto uliingia katika ghala la fataki, wakafa watu zaidi ya 100 na mamia wakajeruhiwa. Kulipokucha polisi na wakuu wa wilaya wakawa watupiana lawama. Twauliza: ile barua ya kukataza ilifaa nini, ikiwa hapana aliyekwenda kulitia ghala kufuli?

Wala asiseme mtu kuwa hayo ni ya nchi zenye watu wengi na askari wachache. Uholanzi ni nchi ya madaftari. Huko Enschede, tarehe 13 Mei 2000, ghala la kampuni ya fataki liliripuka katikati ya mtaa wa watu. Walikufa 23, wanne kati yao wazima moto, na waliojeruhiwa walikaribia 950. Na kampuni ile ilikuwa na leseni! Tume iliyochunguza ilikuta kuwa mlikuwamo baruti kali na nyingi kuliko iliyoruhusiwa, na kuwa wasimamizi walipoyaona makosa kabla ya hapo, mengine waliyahalalisha kwa kuandika ruhusa mpya. Wenye kampuni walihukumiwa kifungo. Ofisi zilizotia muhuri hazikushitakiwa.

Wako wasemao kuwa fundi wa fataki ni maskini aliyerithi kazi kwa baba yake, na kuwa kumbana ni kumnyima riziki. Maneno haya yana huruma, lakini hayana hesabu. Paravur walikufa na mafundi wenyewe, maana wao ndio walio karibu na baruti. Nidhamu yamlinda yeye kwanza, kisha mtazamaji. (Mimi nauza viberiti, na mtoto mdogo simpi hata kijiti kimoja.)

Kwa rai yangu, leseni iwe kwa jina la yule atakayewasha kwa mkono wake, baada ya kutahiniwa, si kwa jina la tajiri aliyemwajiri. Ghala likaguliwe siku ile ile, kabla ya jua kuchwa, na mizigo ipimwe. Atakayezidisha anyang'anywe leseni bila ya kungojea maiti. Na chini ya jina la fundi liandikwe jina la mkaguzi aliyekwenda kwa miguu yake akaona kwa macho yake, ili siku ya mahakama waitwe wote wawili.