Mbegu Zipo

Mwanamke ambaye mumewe yuko kwenye kiti cha magurudumu akipata mimba, mtaa huanza kuhesabu wanaume walioingia pale nyumbani. Shemeji aliyekuwa akija kumbeba kaka yake, fundi bomba, jirani wa nyumba ya pili. Minong'ono hiyo ina chanzo chake: imani, ambayo hata baadhi ya wahudumu wa afya wanayo, kwamba mwanamume akishaumia uti wa mgongo hazai tena. Si kweli, na toleo hili tumelitenga kwa kazi ya kulisema hilo waziwazi.

Wanaopata majeraha haya wengi ni wanaume vijana. Dereva wa bodaboda, mkwezi wa minazi, kibarua aliyedondoka toka jengoni. Wodini wanafundishwa kugeuzwa wasipate vidonda, wanafundishwa mpira wa mkojo na mambo ya choo, na ni vizuri. La watoto haligusi mtu. Daktari anaona haya, mgonjwa anaona haya zaidi, na muuguzi ni binti wa rika lake. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson wa Marekani aliwauliza watu 681 wenye majeraha haya wangependa kipi kirudi kwanza. Kundi la waliopooza miguu liliweka tendo la ndoa mbele ya kutembea.

Basi kilichoharibika ni nini? Korodani huendelea na kazi yake, na kwa wengi idadi ya mbegu ni ya kawaida. Kilichokatika ni mawasiliano ya neva zinazoamuru shahawa zitoke, hivyo karibu wanaume 9 kati ya 10 hawawezi kumwaga kwa tendo la kawaida, hata pale uume unaposimama. Tatizo la pili limo kwenye shahawa zenyewe: mbegu nyingi ni legevu au zimekufa. Kwa muda mrefu lilisingiziwa joto la kukaa kitini kutwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Miami, akiwemo Nancy Brackett, walizichukua mbegu kwenye mirija kabla hazijachanganyika na majimaji ya tezi, wakazikuta zinaogelea vizuri kuliko zile zilizomwagwa. Kumbe mbaya wao ni majimaji, yaliyojaa chembe nyeupe za damu na kemikali ambazo mwili huzitoa kana kwamba unapambana na maradhi. Mabadiliko haya huingia katika wiki chache za kwanza baada ya ajali, kisha hali hutulia, kwa hiyo aliyeumia miaka 10 iliyopita asidhani amechelewa.

Kuzitoa mbegu hizo ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kuna kifaa cha kushika mkononi, chenye kisahani kinachotetemeka mara 100 kwa sekunde, kikienda na kurudi milimita 2.5, vipimo hivyo ni kazi ya watafiti wa Denmark. Kisahani huwekwa chini ya kichwa cha uume. Baada ya dakika mbili tatu tumbo hukaza, miguu hurukaruka, shahawa zinatoka, pengine zikiwa na rangi ya kahawia inayowatisha wengi bure. Kwa aliyeumia kuanzia pingili ya 10 ya kifua kwenda juu, njia hii hufaulu zaidi ya mara 8 kati ya 10. Walioumia chini ya hapo wengi watahitaji mshtuko mdogo wa umeme kupitia njia ya haja kubwa, na hiyo ni kazi ya hospitali. Lakini wale wa kwanza, mbegu zao zikiwa na uhai wa kutosha, wanaweza kuzikusanya kwenye kikombe safi na kuziingiza ukeni kwa bomba lisilo na sindano, siku za rutuba, chumbani kwao.

Ila wasianze peke yao. Aliyeumia pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi, mtetemo huo unaweza kumpandisha presha ghafla hadi kiharusi. Kichwa kikianza kugonga na jasho kumtoka usoni, kifaa kiondolewe papo hapo. Mara ya kwanza ifanyike kliniki, presha ikipimwa, na dawa ya kuizuia ikiwa imeshamezwa.

Kinachotuudhi ni mpangilio wa huduma. Wanandoa hawa wakipata ujasiri wa kuuliza, wengi huelekezwa moja kwa moja kwenye upasuaji wa kuchukua mbegu korodani na kupandikiza mimba maabara. Hatuibezi njia hiyo. Tangu wataalamu wa Brussels walipotangaza mwaka 1992 mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ndani ya yai, imewafaa wengi waliokosa kila kitu kingine. Lakini mtu auze kiwanja kabla hajajaribu kifaa ambacho bei yake haifiki ya duru moja ya upandikizaji?

Wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo inahitaji kifaa hicho kimoja, mashine ya presha ambayo tayari inayo, na muuguzi aliyefundishwa. Mazungumzo yafanyike kabla mgonjwa hajaruhusiwa, mkewe akiwepo. Ambaye hajaoa naye aambiwe, pamoja na mchumba wake kama yupo, kabla wazee wa posa hawajakaa kikao kingine.