Usitishwe na wingi wa washindani mtandaoni

JE, umewahi kufungua duka mahali ambapo hapiti mtu? Jirani yangu, mama wa makamo anayeishi Pangani jijini Nairobi, alifanya hivyo bila kujua. Duka lake halikuwa la mabati wala la mawe. Lilikuwa tovuti.

Mama huyu ni hodari wa kuoka keki. Alikopa shilingi 40,000 kutoka kwa chama chake cha akina mama, akamlipa kijana mmoja fundi wa kompyuta ili amtengenezee tovuti. Kijana alimwahidi kwamba yeyote atakayetafuta keki kwenye Google atamwona yeye kwanza. Miezi minane ikapita. Waliopiga simu walikuwa jamaa zake tu, nao walitaka keki za mkopo! Wakati huo siku ya kulipa deni ilikuwa inakaribia, na rehani aliyokuwa ameweka ni jiko lake la kuokea.

“Mwanangu, nimeliwa,” aliniambia jioni moja. Binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amekwisha kata tamaa. Alikuwa ameandika neno “keki” kwenye simu yake, akaambiwa kwamba zimepatikana kurasa mamilioni. “Hawa wote tutawashindaje?” akauliza.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Idadi ile ni makadirio tu, wala hushindani na kurasa zote hizo. Ukienda Marikiti kuuza nyanya, huanzi kwa kuhesabu kila mkulima wa nyanya aliye nchini. Unatazama ni nani aliyekaa pale wanunuzi wanapoingilia, anauza nini, na wateja wanamwamini kiasi gani. Mtandaoni, mlango huo ni ukurasa wa kwanza wa majibu, ambao kwa kawaida huwa na tovuti kama kumi. Watafutaji wachache sana hupita hapo kwenda ukurasa wa pili.

Basi washindani wako ni hao kumi. Hebu tuone jinsi ya kuwapima.

Kwanza, tazama ni akina nani. Ukikuta magazeti makubwa, maduka makuu na mashirika yanayojulikana dunia nzima, jua kwamba umeingia katika uwanja wa ndovu. Usione vyaelea, vimeundwa. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka wa 1998, baada ya utafiti wao katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walitumia wazo rahisi: tovuti moja ikiweka kiungo cha kuwapeleka wasomaji kwenye tovuti nyingine, hiyo ni kama kura. Tena kura ya tovuti inayoheshimika ina uzito zaidi. Siku hizi mtambo huo hupima mambo mengi mengine, lakini viungo havijapoteza thamani. Tovuti iliyokusanya kura hizo kwa miaka 20 hutaiangusha kwa majuma mawili. Hata hivyo, ukiona miongoni mwa wale kumi kuna matangazo ya kale, kurasa za mitandao ya kijamii na wauzaji wadogo kama wewe, basi nafasi ipo.

Pili, soma vichwa vya majibu hayo. Je, vinataja hasa jambo lililoulizwa? Mtu akiuliza keki isiyo na mayai, naye akapewa kurasa zinazozungumzia keki kwa jumla, maana yake ni kwamba mtambo haukupata jibu kamili, ukampa lililo karibu. Hapo pana pengo ambalo unaweza kuliziba.

Tatu, jiulize mtafutaji anataka nini. Tulipotazama pamoja majibu ya neno “keki”, tulikuta mapishi, picha na video za kufundisha. Aliyeandika neno hilo yaelekea anataka kuoka mwenyewe. Hata jirani yangu angefika nafasi ya kwanza, angekuwa kama muuza samaki aliyetandaza bidhaa zake mbele ya shule ya mapishi. Watu wangepita, wangetazama, wasinunue.

Nne, jihadhari na takwimu usizozielewa. Yule kijana alikuwa amemwonyesha mama huyu karatasi iliyotoka katika zana ya Google iitwayo Keyword Planner. Iliandikwa kwamba ushindani wa maneno aliyochagua ni mdogo, naye mama akafurahi. Kumbe safu ile huonyesha ushindani wa wanaolipia matangazo, si wa wale wanaotaka kuonekana bila kulipa! Maneno yanaweza kukosa watangazaji, na bado ukurasa wa kwanza ukajaa majabali. Aidha, kijana huyo alikuwa amerundika neno “keki” mara nyingi katika sehemu ya tovuti ambayo wasomaji hawaioni. Google ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba orodha ya maneno inayofichwa hapo haitumiki katika kupanga majibu. Kazi bure!

Tukaketi basi mezani kwake, na daftari mbele yetu. Nilimuuliza swali moja: “Mama, wateja wako wanapokupigia simu huuliza nini?” Akafikiri kidogo, akasema kwamba kabla ya tovuti, wengi wa wateja wake walikuwa familia za Kihindi za Parklands na Ngara, ambazo kwa sababu ya dini hazili mayai. Nao kila mara huuliza, “Keki yako haina mayai?”

Jibu lilikuwa jikoni mwake siku zote. Badala ya kupigania neno moja linalogombewa na dunia nzima, alihitaji maneno manne au matano yanayotaja bidhaa, sifa yake na mtaa: keki ya siku ya kuzaliwa, isiyo na mayai, Parklands. Tuliyaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwani wateja wake hutafuta kwa Kiingereza zaidi. Tulipoyajaribu, wale majabali walipungua. Tulikuta waokaji wachache, matangazo yaliyochakaa, na kurasa za mapishi zilizojipenyeza kwa kukosekana jibu bora. Wembamba wa reli, garimoshi hupita.

Lakini usikimbilie kila uwanja mtupu, msomaji wangu. Soko lisilo na wauzaji huenda halina wanunuzi pia. Anza kuandika maneno yako polepole na utazame yale ambayo Google inakupendekezea, kwa sababu mapendekezo hayo hutokana na mambo ambayo watu wametafuta kweli. Keyword Planner nayo hukadiria ni mara ngapi maneno hutafutwa kwa mwezi. Hata hivyo, usikate tamaa maneno yako yakikosekana. Google imesema kwa miaka mingi kwamba takribani asilimia 15 ya yale yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa hapo awali. Sauti za wateja wako ni ushahidi pia.

Vilevile, usiyaamini macho yako pekee. Binti yule alipotafuta kutoka chuoni Eldoret, aliona majibu tofauti na yale tuliyoyaona sisi Nairobi. Mtambo huzingatia mahali ulipo, na wakati mwingine yale uliyoyatafuta zamani. Mwombe rafiki aliye karibu na wateja wako atafute kwa simu yake, kisha mlinganishe.

Jirani yangu aliandika ukurasa mmoja mpya, akaeleza keki zake zisizo na mayai, bei zake na mitaa anayopeleka. Akaisajili pia biashara yake kwenye ramani ya Google, jambo ambalo halilipiwi. Kisha akajikaza, akaenda kwa wanachama wenzake na kuwaeleza ukweli wote. Wakamwongezea miezi minne.

Katika mwezi wa tatu alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Alikuwa mama wa South C ambaye mtoto wake hudhuriwa na mayai, na ambaye hajawahi kumnunulia keki ya siku ya kuzaliwa. Tangu hapo, maagizo huja mawili au matatu kwa juma. Si utajiri, lakini deni la chama limelipwa, na jiko lingali jikoni kwake.

Kwa hivyo, mzazi mwenye biashara ndogo, na wewe mwanafunzi unayewatengenezea watu tovuti ili upate karo, msikubali wala msitoe ahadi ya nafasi ya kwanza. Google yenyewe huonya kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Kabla hujalipa hata shilingi moja, mwambie fundi akuonyeshe kwa simu maneno aliyokuchagulia, na wale kumi unaokwenda kushindana nao. Akishindwa kukueleza utawapitia wapi, funga mkoba wako, mshukuru, umuage.