Anayeuliza Naye Ni Fundi

Kuna maneno matatu yaliyozoeleka sana katika chumba cha kompyuta shuleni humu. (Mwalimu wetu hupendelea tuseme tarakilishi, nami sina ubishi naye, ila leo nitaandika vile tunavyosema.) Maneno yenyewe ni, "Hata hiyo hujui?" Mwanafunzi mgeni anainua mkono, anauliza kwa nini mashine imekataa kufungua faili yake, na kabla hajamaliza, kicheko kimepasuka kule nyuma. Siku ya pili hainui mkono. Siku ya tatu haji kabisa. Mimi nasema tabia hii ni mbaya, tena inatutia hasara, na ushahidi wangu nitautoa ndani ya mashine hizo hizo tunazozigombania.

Mashine zetu ni kuukuu, nyote mnazijua. Zinaendeshwa na mfumo wa Linux kwa sababu hauna malipo na haudai mashine ya kifahari. Wengi hudhani Linux ilitengenezwa na kampuni fulani kubwa yenye ghorofa za vioo. La hasha! Ilianza na swali. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwaandikia watumiaji wa mfumo mwingine ulioitwa Minix. Aliwaambia anaunda mfumo wake wa bure kama mchezo tu wa kujifurahisha, si jambo kubwa, kisha akawauliza ni nini wanachokipenda na wasichokipenda katika Minix. Basi. Watu wakajibu, wakajaribu, wakamrudishia marekebisho. Msimbo wenyewe, yaani maagizo ambayo mtu huandika na mashine huyafuata, uliachwa wazi, na mwaka 1992 ukawekwa chini ya leseni inayosema kwamba ukiubadilisha na kuusambaza, nawe sharti utoe msimbo wako wazi. Leo simu zote za Android zina kiini cha Linux ndani yake, na tangu Novemba 2017 zile kompyuta 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, zote bila kubakisha hata moja.

Sasa mtu ataniuliza, watu wasiojuana, wasiolipwa na mkono mmoja, wamewezaje? Sisi wa shule ya kutwa tunaweza kuielewa shida yao kuliko wenzetu wa bweni. Jioni geti linafungwa, aliyekuwa na jibu amepanda matatu yake, aliyekuwa na swali ameshika njia kwa miguu, na kesho yake chumba kina kidato kingine. Jibu likitolewa kwa mdomo linakufa siku hiyo hiyo, na wiki ijayo swali ni lile lile. Wenzetu wa Linux hawana hata geti la kukutania. Huyu yuko Ujerumani, yule Brazili, mwingine India, mmoja anaamka mwenzake analala. Ndiyo maana mambo yao huandikwa, tena hadharani.

Mtu akiona kasoro katika kiini cha Linux na akaweza kuirekebisha, hutuma kiraka chake kwa barua pepe pamoja na maelezo: kasoro ni ipi, ameirekebisha vipi, na kwa nini kwa njia hiyo. Wenye ujuzi wa sehemu ile hukisoma mbele ya watu wote. Mmoja atasema mstari huu una makosa, mwingine atauliza umejaribu kwenye mashine gani. Mwenye kiraka hurudi akarekebisha, akatuma tena, mara ya pili, ya tatu, pengine ya kumi. Mtunzaji wa sehemu hiyo akiridhika hukipokea na kukipeleka juu hadi kwa Torvalds, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Lakini jambo lililonifurahisha mimi ni hili: kiraka kikiingia, huandamana na majina. Si jina la aliyekiandika peke yake. Kuna nafasi ya aliyekikagua, ya aliyekijaribu, na ya aliyeripoti kasoro. Yaani yule aliyesema tu "hapa pameharibika", jina lake hubaki humo miaka nenda miaka rudi. Kwetu sisi, huyo ndiye angechekwa.

Tazameni pia Debian, kundi lililoanzishwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti 1993. Hawa ni watu wa kujitolea ambao huchukua kiini cha Linux na kukiunganisha na maelfu ya programu nyingine mpaka ukapata mfumo kamili wa kuweka kwenye mashine yako. Mwaka 1997 waliandika ahadi zao kwa umma, na mojawapo ni kwamba hawataficha kasoro zao. Kila ripoti ya kasoro hupewa namba na huwekwa wazi, hata wewe unaweza kuisoma, na namba hizo zimeshapita milioni moja. Hebu fikiria shule inayobandika ukutani makosa yake yote milioni moja! Kiongozi wao huchaguliwa kila mwaka, na katika kura kuna nafasi ya kusema kwamba hakuna hata mmoja kati ya hawa anayefaa. Katika kura zao za maamuzi, kwa miaka mingi kulikuwa na chaguo la kusema mjadala uendelee. (Wahusika wa uchaguzi wa viranja, sijasema kitu. Tuendelee.)

Wapo kaka zetu wa kidato cha juu ambao wakisikia haya hunijibu hivi: mbona Torvalds mwenyewe alikuwa mkali kama pilipili? Ati ukali ndio ulioijenga Linux. Ni kweli alikuwa mkali. Mwezi wa Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam na muundaji wa Minix, aliandika hadharani kwamba muundo wa Linux ni wa kizamani, tena akamwambia kijana yule ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, maana asingepata alama za juu. Torvalds alimrukia kwa maneno makali, halafu akaomba radhi kwa namna alivyosema, lakini hoja zake hakuziacha. Ukiusoma mjadala ule, kilichobaki na maana ni hoja za pande zote mbili kuhusu jinsi kiini kinavyofaa kujengwa. Matusi hayakuongeza hata mstari mmoja wa msimbo. Na hao kaka zetu hawaendelei mbele na hadithi. Mwezi wa Septemba 2018 Torvalds huyo huyo aliwaandikia wenzake akaomba radhi kwa jinsi alivyokuwa akiwashambulia watu, akajiondoa kwa muda ili atafute msaada wa kuelewa hisia za wengine, akarudi Oktoba. Wakati huo huo kanuni za mwenendo zikapitishwa. Kazi haikusimama, na matoleo yameendelea kutoka kama kawaida. Basi kama ni Torvalds mnayemwiga, mwigeni mpaka mwisho.

Hata hivyo sitaki ionekane kwamba namtetea kila anayeuliza. Mwenye kujibu naye ni binadamu, anachoka. Kulikuwa na programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, ambayo imo katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsukuma mbele ya watu: mbona unachelewa, mbona humpi mwingine kazi hii? Pembeni alikuwapo msaidizi mchapakazi aliyejiita Jia Tan. Pole pole huyo akaaminiwa, akapewa dhamana, na mwanzoni mwa 2024 matoleo mawili ya xz yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake, wa kumwezesha mwenye ufunguo kuingia katika mashine za watu. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, ambaye hata hakuwa akiutafuta. Aliona tu kwamba kuingia kwenye mashine yake kutoka mbali kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Hapa kwetu angeambiwa aache kusumbua watu. Alifuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza hadharani, na mlango ukazibwa kabla haujafika katika toleo imara la Debian. Waliomsukuma yule mtunzaji walikuwa na kelele nyingi, na wala hawakumpunguzia mzigo. Aliyeuokoa umma alikuja na swali dogo, na kipimo mkononi.

Kwa hiyo swali nalo lina adabu yake. "Mwalimu, mashine imekataa" si swali, ni kilio. Mwenye kuuliza aseme ni mashine ipi, alikuwa akifanya nini, alitarajia nini, na kioo kiliandika maneno gani hasa, neno kwa neno, hata kama ni Kiingereza asichokielewa. Mwenye kujibu, kwa upande wake, akisema "nenda ukasome", basi ataje ukurasa. Kumtuma mtu kitabuni bila ukurasa ni kumfukuza tu kwa lugha ya heshima.

Kwa wanachama wa Kiswahili nina dokezo la haraka. Mfumo wa Ubuntu, uliotolewa mwezi wa Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umejengwa juu ya Debian, na jina lake ni la lugha za kusini, Kizulu na Kixhosa. Sikilizeni vizuri hilo neno, mtasikia "utu" ndani yake. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo. Waliohitajika pale si mafundi wa msimbo peke yao. Walihitajika pia watu wa kubishana juu ya neno, kama tunavyobishana sisi juu ya tarakilishi.

Pendekezo langu kwa chama cha kompyuta ni daftari moja kubwa, lifungwe kwa kamba kando ya mlango. Upande wa kushoto swali na namba yake, upande wa kulia jibu, na chini yake jina la aliyejibu na la aliyehakikisha kwamba jibu linafanya kazi. Asiyewahi kabla geti halijafungwa atalikuta jibu asubuhi. Mwalimu mlezi hajakataa. Tunachobishania bado ni jina la muulizaji. Wenzangu wanasema lisiandikwe, watu watamcheka kwenye matatu. Mimi naona liandikwe, tena la kwanza, juu ya hayo mengine. Labda kwa muhula mmoja liandikwe la anayetaka tu, kisha tuhesabu ni wangapi.