MALI BILA DAFTARI: MCHORAJI NAYE NI MFANYI KAZI



Safari hii twataka kusema juu ya watu ambao hawamo katika chama chetu, nao ni wachoraji wa picha na wachongaji wa vinyago. Jamaa wengine wametuuliza, "Sisi watu wa reli, nguo zetu zanuka mafuta, tuna nini na picha za kutundikwa ukutani kwa matajiri?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba mchoraji ni mfanyi kazi kama sisi. Hutumia mikono yake, hununua vyombo na rangi kwa fedha zake, na kazi ikishatoka mkononi mwake humtajirisha mtu mwingine. Wala hayuko mbali nasi. Katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi, kando ya magari ya moshi ya zamani, wachoraji wamefanya kazi karibu kabisa na njia yetu.

Tuanze na habari ya madereva wa teksi, maana hao twawaelewa. Katika mji wa New York alikuwako tajiri mwenye teksi nyingi, jina lake Robert Scull. Kwa faida ya teksi zake alinunua picha za wachoraji waliokuwa bado hawajapata sifa. Picha moja ya Robert Rauschenberg, iitwayo Thaw, aliipata kwa dola 900. Mwezi wa Oktoba mwaka 1973 aliziuza 50 katika mali yake mnadani, na ile ya dola 900 ikapata dola 85,000. Mchoraji mwenyewe alikuwapo siku ile, akamkabili tajiri huyo kwa hasira, kwa maana hakupata hata senti moja. Na nje mlangoni walisimama madereva wa teksi wakipinga, wakisema kwamba jasho lao ndilo lililonunua picha zile. Angalieni, ndugu: dereva nje na mchoraji ndani, wote wawili wana daawa na mtu yule yule.

Wafaransa waliliona neno hili mapema. Mchoraji wao Jean-François Millet alichora picha ya wakulima wawili, mume na mke, wameinamisha vichwa shambani wakisali jioni. Millet alikufa mwaka 1875. Mwaka 1889 picha hiyo iliuzwa kwa faranga 553,000, na sheria ya siku zile haikuwapa jamaa zake fungu lo lote. Habari hiyo ilisemwa sana, na mwaka 1920 Ufaransa ikaweka sheria kwamba kila kazi ya sanaa ikiuzwa tena mnadani, mchoraji au warithi wake wapate sehemu ya bei. Haki hiyo twaweza kuiita fungu la mauzo ya pili. Uingereza iliifuata mwaka 2006.

Na sisi Kenya je? Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 2001. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha, likatia haki hiyo ndani yake: kazi ya sanaa ikiuzwa tena kwa njia ya biashara, mwenye kuifanya adai sehemu 5 katika kila 100 za bei. Twalisifu Bunge kwa neno hilo. Lakini twajua sisi wa vyama kwamba sheria haitembei kwa miguu yake. Mishahara yetu haikupanda kwa sababu iliandikwa mahali. Ilipanda kwa sababu wako watu waliokwenda na karatasi mkononi, wakadai.

Mwaka ule ule wa 2019, mwezi wa Novemba, picha ya Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 1.5 na zaidi. Kama mnada ungalifanyika mahali penye sheria ya sehemu 5 kwa 100, fungu lingalikuwa dola 75,000. Lakini New York haina sheria hiyo. Jimbo la California liliiweka mwaka 1976, na mahakama ya Marekani ikaivunja karibu yote mwaka 2018. Tena yako Mapatano ya Berne, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1993. Hayo yasema kwamba mchoraji ataweza kudai fungu hili katika nchi ya wengine ikiwa tu nchi yake mwenyewe inaitoa haki hiyo. Kwa hiyo sheria yetu ya 2019 ni kama ufunguo wa mlango wa ng'ambo. Lakini ufunguo ukilala sandukuni haufungui kitu.

Sasa tuje kwenye neno letu kubwa: karatasi. Kila karani wa mizigo ajua kazi hii. Mzigo ukifika stesheni bila stakabadhi, hakuna ajuaye wa nani, umetoka wapi, una uzito gani, wala thamani yake. Ukipotea njiani, mwenyewe atalia mpaka jua litue, wala hatalipwa. Mwenye stakabadhi atakuja na namba, na namba hiyo itafuatwa kutoka stesheni hata stesheni mpaka mzigo uonekane au fidia itolewe. Picha nayo ni mzigo uendao safari ndefu kuliko mzigo wo wote, maana hupita mikono mingi hata baada ya mchoraji kuzikwa. Mchoraji asiyeandika jina la kazi, kipimo chake, mwaka, bei na jina la mnunuzi, atadaije fungu la mauzo ya pili? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mtu akinunua picha iliyokwisha chorwa, amenunua ile picha tu. Haki ya kuichapa katika kalenda au kuitia katika vitambaa inabaki kwa mchoraji, mpaka atakapoitoa kwa maandishi. Lakini ikiwa picha imeagizwa, mathalani mwenye hoteli amwambia fundi, "Nichoree ukuta huu," sheria yetu yaihesabu haki hiyo kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Basi mapatano yaandikwe kabla brashi haijaguswa. Baada ya kazi kwisha ni kuchelewa.

Tuseme na juu ya bima. Mwenye kukusanya picha na vinyago vya thamani kwa kawaida hulipa bima. Iko bima ya kazi za sanaa iitwayo ya msumari hadi msumari: picha inalindwa tangu kutolewa kwenye msumari wa ukuta mmoja, njiani, katika maonyesho, mpaka irudi kwenye msumari wake. Bima iliyo njema huandika bei iliyopatanwa mapema kwa kila kitu. Bima ya nyumba ya kawaida haifanyi hivyo, na humo mna mtego. Kitu cha Shs. 100,000 kikiandikwa kuwa ni cha Shs. 50,000, na hasara ya moto ikawa Shs. 40,000, kampuni huweza kulipa Shs. 20,000 tu, kwa kuwa mwenye mali alilipia nusu. Na mara nyingi mchwa, na mti uliopasuka kwa kukauka, havimo katika bima. Wachongaji walijue neno hilo.

Mwaka 2004 ghala moja la kutunzia sanaa, mashariki ya London, liliungua moto. Kazi zaidi ya 100 za mkusanyaji Charles Saatchi ziliteketea, na picha nyingi za marehemu Patrick Heron pia. Moto kama huo ukitokea, fedha za bima humwendea yule ambaye jina lake limo katika hati ya bima. Mchoraji aliyeacha picha zake kwa mwenye duba la sanaa ili aziuze, bila kuandikiana ni nani atakayebeba hasara, hupoteza picha na fedha pamoja. Na mkono wake je? Kuli wa reli akikatwa kidole kazini, sheria ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri amlipe fidia, na mwajiri ashike bima kwa ajili hiyo. Mchongaji akikatwa kidole na tezo yake hana mwajiri wa kumdai. Kinyago kina bima, kidole kilichokichonga hakina.

Haifai tumsahau mnunuzi aliye mwaminifu, maana naye karatasi humponya. Vigango vya Wamijikenda, vilivyosimamishwa kuwakumbuka wazee waliokufa, viliibwa vingi huko Pwani vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver, Marekani, yalikubali kurudisha vigango 30. Bima ya moto na wizi haimsaidii mtu aliyenunua mali ya wizi. Anayeuliza kwanza, "Kitu hiki kimetoka kwa nani, na karatasi iko wapi?" amejilinda nafsi yake, na amemlinda mzee wa Kilifi pia.

Wako wanaosema kwamba watu wa sanaa hawawezi kukaa katika chama, kila mmoja ana njia yake. Twawakatalia. Wakamba walijifunza uchongaji wa biashara kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, naye aliupata kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe, Mombasa, walianzisha chama chao cha ushirika. Kila mchongaji alipewa namba, na namba ilitiwa katika kazi yake, ili kikiuzwa kinyago fedha zimfuate mwenyewe. Watu hao hawakungoja wakili wala mzungu wa makumbusho. Walifanya kama karani wa mizigo afanyavyo.

Kwa hiyo twasema hivi:

1. Kila mchoraji na mchongaji awe na daftari, na atoe stakabadhi kwa kila kazi iuzwayo, nakala moja abaki nayo.

2. Wajiunge katika chama kimoja kitakachodai fungu la mauzo ya pili kwa niaba ya wote. Kijana wa Kibera hawezi kufuata minada ya Nairobi na London peke yake, lakini karani mmoja wa chama aweza.

3. Wauzaji wa sanaa waandike katika kila mapatano ni nani anayelipa bima picha ikiwa dukani au safarini.

4. Chama hicho kitafute bima ya pamoja ya mikono na ya vyombo vya kazi, kwa mchango mdogo wa kila mwezi, kama sisi tulivyochangiana katika misiba kabla hatujapata cho chote kwa mwajiri.

5. Vyama vya wafanyi kazi viwape wenzetu hao mahali pa kukutania na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuandika katiba na kushika hesabu. Hilo twaliweza bila gharama kubwa.

Tajiri amekwisha jilinda kwa hati ya bima, na hatumlaumu kwa kulinda mali yake. Twalaumu kwamba aliyeitengeneza mali hiyo yuko nje mvuani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wachoraji wakija kubisha mlango wa chama chetu, tuwafungulie.