Tuonyesheni Kilichoko Chini Kabla Hatujachimba

Muhula uliopita, majaribio yalipoisha, nilikesha usiku nne nikijenga ngome kwenye Dwarf Fortress. Kwa ambao hamlijui, ni gemu la ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams. Lilitoka mwaka 2006, toleo lake la kawaida ni bure, na linakubali hata kwenye laptopu yangu ya mtumba. Unapewa mbilikimo saba, unachagua eneo kwenye ramani ya dunia, mnashuka, mnaanza kuchimba. Ukishashuka, hapo ndipo kwako mpaka ngome ife.

Toleo nililonalo linakudokeza machache kabla ya kushuka: miti, maji, udongo, na kama kuna metali karibu na uso wa ardhi au chini zaidi. Metali gani? Kimya. Mimi nikaona "metali", nikaona mto, nikasema hapa pananitosha. Usiku wa tatu ndiyo nagundua kwamba metali yenyewe ni bati. Jamani, bati! Bati tupu halitoi silaha kwenye gemu hili. Sasa tungefanya nalo nini, tuezeke? Usiku wa nne mazimwi wakaja, ngome ikaishia hapo.

Wakongwe wataniambia kutojua ndiyo raha yenyewe. Watanitajia Civilization VI, ambako chuma hakionekani kwenye ramani mpaka watu wako wajifunze kufua shaba nyeusi. Sawa, lakini kule mji wa kwanza ni mwanzo tu. Ukikosa chuma unaenda kujenga mji mwingine kilipo. Ni kweli pia kwamba kwenye ngome yangu wafanyabiashara hupita na chuma cha kuuza, na wajanja huyeyusha silaha za mazimwi waliokufa. Ila hao mazimwi utawaua kwa kutumia nini, mwiko?

Halafu siri hiyo si siri kwa kila mtu. Kuna programu ya pembeni, DFHack, inayoweza kukukadiria madini ya eneo hata kabla hujashuka. Mwenzangu wa chumbani anayo. Ana bando la mwezi, ameshasoma maelezo yote mtandaoni, anajua mwamba upi hubeba chuma. Mimi bando langu ni la kuangalia ratiba na kurudi. Kwa hiyo anayefichwa ni nani? Ni mgeni, na ni yule asiye na hela ya bando. Sisi wa ualimu tukiona mtihani ambao nusu ya darasa imeshauona, hatusemi ni mgumu. Tunasema umevuja.

Simaanishi tupewe ramani yenye kila jiwe na idadi yake. Hapo uchaguzi unageuka hesabu ya kujumlisha, na mimi hesabu nilizikimbia makusudi. Nimekulia Geita. Wachimbaji wadogo niliowaona hawafungui duara kwa kufumba macho: mtu anaokota jiwe, analitwanga, anaosha unga kwenye karai, anatazama kinachobaki chini. Na bado anaweza kupoteza kila kitu, kwa sababu karai halimwambii mshipa unaishia wapi. Gemu lifanye hivyohivyo. Litaje metali kwa jina, kina na wingi lituachie tuhangaike navyo wenyewe. Anayetaka giza totoro awekewe sehemu ya kuzima.

Nimeshaanza upya, safari hii mwenzangu amenisomea eneo kwa DFHack yake kabla ya kushuka. Nina chuma, nina mawe ya chokaa, nimeambiwa na makaa ya mawe yapo, yaani naweza kufua hadi chuma cha pua. Sijui yako upande gani. Nimechimba mahandaki matatu, mawili yameishia kwenye maji, na sijawahi kulifurahia gemu hili kiasi hiki.