Mabinti Zetu Wasihukumiwe kwa Ugonjwa Wasioujua



Wapendwa wanaparokia, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunasoma habari za Hana, mke aliyekosa mtoto. Penina alimdhihaki, na kuhani Eli, alipomwona akisali bila kutoa sauti, alimdhania mlevi. Alihukumiwa mara mbili kabla ya mtu kumwuliza ana shida gani. Sisi tunaotumikia altareni yatupasa kuisoma habari hiyo kwa hofu, kwa maana kosa hilo lingali likitendeka katika nyumba zetu.

Wiki hii tutafakari juu ya hali ambayo madaktari huiita sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, kwa kifupi PCOS. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wenye hali hiyo hawajatambuliwa. Wengi wanayo, nao hawaijui.

Jina lake hupotosha. Vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa kwa kisu, bali ni vijifuko vya mayai ambayo hayakukomaa. Kiini chake ni kuvurugika kwa homoni: zile za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, huzidi, na mara nyingi mwili hushindwa kuitumia vema insulini. Ndipo hedhi huchelewa au hupotea, chunusi hukithiri, ndevu huota, na kwa wengine uzito huongezeka. Hali hii haitokani na uasherati, wala kutoa mimba, wala laana ya ukoo.

Basi tujiulize: binti akikosa hedhi miezi mitatu, husemwa nini nyumbani? Mama hushuku mimba. Majirani hunong'ona kwamba ameitoa. Mwenye ndevu huchekwa, naye hunyoa kwa siri. Baadaye huolewa, na mtoto akichelewa, mawifi huanza kuhesabu miaka. Hospitali hufikiwa mwisho, baada ya waganga.

Maoni yetu ni kwamba elimu hii itangulie pete. Uchunguzi huanza kwa kalenda na kalamu. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kuyumba ni kawaida. Lakini miaka mitatu ikishapita, mzunguko unaozidi siku 35, au hedhi isiyofika mara 8 kwa mwaka, ni sababu ya kumwona daktari. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka msichana awe na mambo mawili kwa pamoja, yaani hedhi isiyo na mpangilio na dalili za homoni za kiume kuzidi, tena baada ya magonjwa mengine kuchunguzwa. Ultrasaundi haishauriwi kwa kusudi hilo kabla ya miaka 8 tangu avunje ungo, kwani hata ovari za wasichana wenye afya huweza kuonekana na vijifuko vingi. Kwa hiyo hatuombi mabinti wapangwe foleni ya vipimo. Twaomba waulizwe na wasikilizwe, na wenye dalili wapelekwe kwa daktari, wapimwe pia sukari na shinikizo la damu. Hali hii huongeza hatari ya kisukari, na kukosa hedhi kwa muda mrefu bila tiba huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba.

Wapo wazazi wanaosita kwa sababu daktari huweza kuandika vidonge vinavyojulikana kuwa vya kuzuia mimba. Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, alifundisha kwamba Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya ugonjwa, hata ikitazamiwa kuzuia uzazi, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Binti asinyimwe dawa kwa jina la imani isiyomkataza.

Tena kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa yafundisha kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke asiyezaa ni mke kamili. Asitishiwe kurudishwa kwao. Na wengi wenye hali hii huzaa, hasa wakipata tiba.

Twawaomba basi WAWATA, walezi wa Kipaimara na wanaotoa mafundisho ya ndoa wamwalike muuguzi au daktari walau mara moja kwa mwaka. Wavulana nao wawepo, kwa kuwa ndio waume wa kesho, na mara nyingi mume ndiye awezaye kuwanyamazisha ndugu zake. Kabla ya siku hiyo, kila mama aanze na binti yake mwenyewe: amwulize kuhusu siku zake kwa upole, bila kumtuhumu.

Mungu awabariki nyote.